Mwalimu Kanana na Kura Moja ya Garasyare

Imeandikwa na Hanad Dubow wa stoo, kwa niaba ya wafanyakazi

Inatangazwa kwa heshima zote, kwa walimu, wazazi, wanafunzi na mbuzi wanaolala verandani, kwamba filimbi ya Shule ya Msingi ya Garasyare itanyamaza rasmi Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, saa kumi kamili za jioni. Filimbi hiyo ya bati imepulizwa na mdomo mmoja tu tangu inunuliwe. Kamati ndogo imeundwa kuamua nani atairithi. Imekaa mara mbili, imekunywa chai mara mbili, na imeahirisha uamuzi mara mbili.

Mwenye mdomo huo ni Mwalimu Kanana Kirimi, mwalimu mkuu wetu, anayestaafu siku hiyo baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi tisa ya kufundisha, yote katika shule hii moja. Tunasisitiza hapo kwenye shule moja. Wapo walimu waliotumwa Garasyare wakafika hadi Bura, wakauliza umbali uliobaki, wakageuka na gari lilelile.

Yeye alifika Januari 1994 juu ya lori la sukari kutoka mjini Garissa, akiwa na begi moja, jiko la mafuta ya taa, na barua iliyosema nyumba ya mwalimu ipo. Ilikuwepo kwenye barua. Alilala muhula mzima ndani ya darasa la tatu, na kila asubuhi aliamka kabla ya alfajiri ili wanafunzi wasije wakamkuta katikati ya somo la hesabu amejifunika shuka. Wazee walimpa mbuzi mmoja wa maziwa na wakamfundisha neno lake la kwanza la Kisomali, marti, yaani mgeni. Watoto walimwita Maalimad, mwalimu wa kike, na jina hilo ndilo lililodumu. Hata karani wa elimu akija kutoka Garissa huuliza, "Maalimad yuko?"

Wakati huo shule ilikuwa na wasichana sita. Wanne walikuwa wanakuja siku zile tu ambazo ngamia hawanywi maji. Mwalimu Kanana hakwenda kulalamika kwa chifu. Alichukua daftari la mahudhurio akaenda nalo kisimani siku ya kunywesha, akasimama kando ya birika na kuita majina huku ngamia wakimkoholea shingoni. Aliyeitika aliwekewa alama, akapewa swali moja la hesabu na swali moja la kusoma, akarudi kwa mifugo yake. Ofisi ya elimu ilipopata habari iliandika barua kuuliza kama kisima ni darasa. Alijibu kwa sentensi moja kwamba kina wanafunzi wengi kuliko darasa. Leo wasichana ni mia moja na wanne. Mmoja wa wale wa birikani, Ilhan, ni nesi Dadaab, na akija likizo anapita ofisini kwanza kabla ya kwenda kwao.

Madarasa manne ya mawe, vyoo viwili vya wasichana na ukuta wa upande wa mashariki vimejengwa katika zamu yake. Ukuta wa magharibi umo katika mpango wa maendeleo, na umekuwemo tangu mwaka 2014.

Ile miaka ya mashambulizi, ambayo walimu wengi wa bara, yaani wasio wenyeji wa huku, waliondoka, na hakuna haja ya kueleza zaidi, yeye alibaki. Aliulizwa na ndugu zake kwa simu, aliulizwa na maofisa, aliulizwa na sisi. Alisema ana darasa la nane. Mwaka uliofuata akasema vivyo hivyo.

Hayo ndiyo ambayo kila mtu anayajua, na kama kijitabu hiki kingekuwa cha ukurasa mmoja tungefika kwenye shukrani sasa. Lakini Mwalimu Kanana alikuwa na kazi ya pili, ya siku moja kila baada ya miaka mitano, na hiyo ndiyo iliyomletea taabu. Tangu mwaka 2002 alikuwa msimamizi wa kituo chetu cha kupigia kura, kilichomo ndani ya darasa la tano.

Kwa faida ya wageni wetu, hebu tueleze jinsi Garasyare inavyopiga kura, kwa sababu anayesoma magazeti peke yake anaweza kudhani watu hapa huamua siku ya uchaguzi. Kura yetu ya mwakilishi wa wadi hupigwa miezi mitatu kabla. Wazee hukaa chini siku tatu, wanahesabu zamu: safari iliyopita kiti kilikwenda kwa nani, safari hii ni haki ya nani, na nani bado ana kinyongo. Siku ya tatu wanawake hutangaziwa uamuzi, ingawa huwa wameshaujua tangu siku ya kwanza. Baada ya hapo kwenda kituoni ni kama kwenda kutia sahihi. Mwaka 2013 aliyekubaliwa alipata kura mia mbili themanini na nane, na mwenzake akapata sifuri. Mwaka 2017 zilikuwa mia tatu na moja kwa sifuri, pamoja na nne zilizoharibika. Katika hizo nne, moja ilikuwa na alama kwenye kila kisanduku, na chini yake mtu ameandika kwa mwandiko mzuri, "Mashallah, nyote."

Kura ya rais ina tabia nyingine. Hiyo nayo huwa na makubaliano, lakini siku zote zilikuwapo kura tisa, kumi, hata kumi na mbili zilizokwenda upande mwingine, na kijiji kizima kilizijua kwa majina: nesi, maaskari watatu, fundi wa pampu na walimu wa bara waliojiandikisha hapa. Hakuna aliyewauliza. Rais yuko mbali, tangi la maji liko karibu. Lakini ikija kura ya wadi, watu hao hao walifuata makubaliano bila kuambiwa mara mbili, kwa kuwa waliyahitaji maji. Ndiyo maana sifuri ile ilidumu.

Mwalimu Kanana aliendesha kituo kama mkutano wa asubuhi wa shule. Wazee walipanga foleni. Aliyekuja na fulana yenye sura ya mgombea alirudishwa nyumbani kubadilisha, na mwaka 2007 aliyerudishwa alikuwa mgombea mwenyewe. Simu zilikaa kwenye beseni. Alikuwa mkali kwa jambo moja hasa: mpigakura akitoka pale nyuma ya pazia huku anatangaza alichofanya, alimkatiza. "Sikukuuliza," alikuwa anamwambia, na foleni ilicheka kila mara kana kwamba ni kichekesho kipya.

Sasa tuje mwaka 2022.

Mwaka huo zamu ilikuwa ya upande wa Bura, na mtu wao alikuwa Warsame. Wazee wa Garasyare wakiongozwa na Mzee Noordin walikutana na wazee wa Bura, ngamia akachinjwa, na ahadi ikafungwa: safari hii Garasyare inampa Warsame kura zake zote, na mwaka 2027 Bura watampa mtu wa Garasyare kura zao zote. Mtu huyo wa 2027 alikuwa tayari anafahamika, naye ni Siyad, mtoto wa kwanza wa Mzee Noordin. Basi shughuli ilipokuwa inaisha vizuri, Mzee Noordin alishiba nyama na furaha, akasimama akasema zaidi ya alivyotumwa. "Ikipotea hata moja," alisema, "hata moja, wallahi, ahadi imekufa na sisi hatudai kitu." Wazee wa Bura waliitikia kwa sauti. Wazee wetu waliitikia taratibu kidogo.

Mgombea mwingine alikuwa Olow, kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Garissa, ambaye hakuwa amepangwa na mtu yeyote. Alisimama tu. Hapa Garasyare alikuwa na ndugu mmoja, Habibo, mama mjane anayeuza chai na mandazi mbele ya lango la shule. Kwa Olow yeye ni habaryar, mdogo wa mama yake.

Jumanne tarehe 9 Agosti watu mia tatu kumi na watatu walipiga kura. Jioni Mwalimu Kanana aliinua karatasi moja baada ya nyingine mbele ya mawakala, akisoma jina kwa sauti ya kuita mahudhurio. Warsame. Warsame. Warsame. Ilipita mia, ikapita mia mbili, mawakala wakaanza kuvua viatu. Halafu akainua moja, akaitazama, akasema, "Olow."

Hata wakala wa Olow alishtuka. Yeye alikuwa amekuja kwa ajili ya chakula.

Karatasi ilizungushwa mkono kwa mkono. Alama ilikuwa safi, katikati ya kisanduku, bila kutetemeka. Wakala wa Warsame alimvuta msimamizi pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, ambayo ndani ya darasa tupu inasikika hadi nyuma, "Maalimad, hii moja weka kwa zile zimeharibika. Nani atajua?"

"Mimi," alisema Mwalimu Kanana, akaandika.

Asubuhi fomu ya matokeo ilikuwa imebandikwa mlangoni. Warsame 312, Olow 1. Katika wadi nzima Warsame alishinda kwa kura zaidi ya mia sita, kwa hiyo ile moja haikumpunguzia hata kifungo cha shati. Lakini aliyekuwa ameapa ni Mzee Noordin, na alisema hata moja. Siku sita baadaye wazee wa Bura walikuja na nakala ya fomu wameikunja vizuri. Walikunywa chai, wakasifu mvua ambayo haijanyesha, kisha mmoja akauliza kwa upole kama Garasyare bado inadai kitu mwaka 2027.

Tuliporudi kazini shule ilipofunguliwa tulikuta kijiji kinanong'ona. Walioanza kuangaliwa ni watu wa bara. Mwalimu Kim wa hesabu alikaa wiki nzima akieleza msimamo wake kwa watu ambao hawakumuuliza. "Mimi ni Warsame damu," alisema kwenye foleni ya maji. "Si mnaona hata shati lake ninalo?" Shati alilivaa siku nne mfululizo hadi mwenzake, Mwalimu Abigael, akamwambia sasa linamtetea vibaya. Maaskari walionyesha barua kwamba siku hiyo walilinda kituo kingine. Nesi alikuwa kwao, Kakamega. Mmoja mmoja wakaondolewa, na macho yakahamia langoni, kwa Habibo.

Hakuna aliyemtukana, kwani kwetu hatutukani haraka. Watu waliacha tu kunywa chai. Asubuhi ya kwanza mandazi yalibaki nusu, ya pili yakabaki yote. Mwanamke aliyekuwa anamletea maziwa akasema ng'ombe wamekauka, lakini kwa jirani wa Habibo maziwa yaliendelea kwenda. Walimu waliendelea kununua, na hilo halikumsaidia, kwa maana ilisemwa kwamba sasa anauza kwa wa bara tu. Mwishoni mwa Agosti wazee wakatoa uamuzi: Ijumaa tarehe 9 Septemba, baada ya swala, kila mtu mzima aliyepiga kura atashika Msahafu na kuapa kwamba hakumpigia Olow. Asiyeapa atakuwa amejitaja, naye atarudi kwa watu wake; wa Habibo wako upande wa Dadaab.

Watu mia tatu walisema wataapa. Habibo akasema haapi.

"Nimempigia nani ni kati yangu na ile karatasi," alisema akiwa ameshika birika la chai lililojaa, na hakukuwa na wa kummiminia. "Msahafu nitaushika kwa maneno ya Mungu. Kwa mambo ya Warsame siushiki."

Ikumbukwe kwamba kukataa kwake hakukuthibitisha kitu. Watu wanaomjua walisema hata angekuwa amempigia Warsame mara mbili, angekataa hivyo hivyo. Lakini wasiwasi haukuwa kwake peke yake. Kila mtu alijua kwamba kama si yeye, basi Ijumaa kuna mtu mwingine atakayeshika Msahafu na kusema uongo mbele ya watoto wake. Wanaume waliokuwa wanataniana kisimani waliacha utani. Ndugu wawili waliogawana boma moja walianza kupika kwenye moto tofauti. Watoto wa Habibo, mmoja darasa la sita na mwingine la pili, waliacha kucheza wakati wa mapumziko, wakakaa kwenye ngazi za ofisi. Mwalimu Kanana aliwapita mara mbili, mara ya tatu akakaa nao.

Kuna waliosema wazi kwamba kosa ni lake. Angeiweka ile karatasi kwa zilizoharibika, nani angejua? Hakujitetea. Ila tuliona anakuja kazini mapema zaidi, na filimbi ilikuwa inapulizwa kwa hasira kidogo.

Alhamisi tarehe 8 Septemba, saa nne asubuhi, Mzee Noordin alikuja ofisini na wazee wawili. Madirisha ya ofisi hayana vioo. Wafanyakazi kadhaa walikuwa nje wakihesabu madaftari, kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, na kwa hiyo mazungumzo yafuatayo yana mashahidi.

"Maalimad," alisema Mzee Noordin, "mimi nauliza bolebole. Kesho watu naapa. Habibo nakataa. Wewe ulishika kila karatasi. Hii moja ya nani?"

"Karatasi haina jina, Mzee."

"Haina jina, lakini wewe iko na macho. Miaka ishirini unasimamia. Mtu akitoka kule nyuma unamjua kwa uso."

"Mzee, umechoka. Kaa."

Alikaa. Kiti kililia. Mmoja wa wazee akasema kwa Kisomali kwamba hawakuja kukaa, naye akakaa.

"Mzee," alisema Mwalimu Kanana, "ile ahadi yenu na Bura. Mlisema kura za nani?"

"Zetu. Za Garasyare."

"Watu wa Garasyare."

"Ndiyo, watu wa hapa."

"Na marti?"

Kalamu ya mtu mmoja pale nje ilianguka, na hakuna aliyeiokota.

"Marti hayuko," alisema Mzee Noordin polepole. "Mgeni hawezi kufungwa na ahadi ya wenyeji. Hiyo hata Bura najua."

"Na mgeni akifanya kinyume, ahadi imekufa?"

"Haikufa. Mgeni hakuapa kitu." Akainua macho, akamwangalia. Miaka ishirini na minane walikuwa wamejuana. Siku ya arusi ya Siyad Mwalimu Kanana ndiye aliyesimamia wapishi, na watu walisema usimwite tena mgeni, huyu ni wetu. "Wallahi, Maalimad. Ni wewe?"

"Kura ni siri, Mzee. Nimekula kiapo." Akasukuma kikombe mbele yake. "Kunywa chai. Ni ya Habibo."

Mzee Noordin alikitazama kikombe. Kisha akanywa, na wenzake wakaona amekunywa, wakanywa.

Ijumaa hakuna aliyeapa. Wazee walipanda gari hadi Bura na jibu lao: kura za Garasyare zilitimia zote mia tatu na kumi na mbili, na ile moja ilikuwa ya mgeni. Bura walicheka, wakauliza kama mgeni huyo ndiye anayefundisha kuhesabu, na ahadi ya 2027 ikabaki hai. Fatiha ikasomwa. Jambo lililofungwa kwa Fatiha kwetu halifunguliwi tena, hata likigunduliwa kuwa limefungwa na kitu ndani. Jumamosi asubuhi Habibo aliuza mandazi yote kabla ya saa mbili.

Mwalimu Kanana yeye alilipa, ingawa si kwa kitu kinachoonekana kwenye risiti. Tangi kubwa la maji ambalo Warsame aliiahidi shule jukwaani lilishuka kwenye lori mahali pengine. Kwa zaidi ya mwaka mmoja boza, lile lori la maji, lilianza na nyumba za kijijini na kumalizia na nyumba ya mwalimu mkuu, na lilipofika huko maji yalikuwa yameisha. Salamu za wazee zilifupishwa. Hakuna aliyemkosea adabu. Walisema tu, "Maalimad ni mtu mzuri, lakini si wetu," na walilisema bila ubaya, kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Alilisikia mwenyewe siku ya kunywesha, kisimani, akiwa ameshika daftari. Aliita jina lililofuata.

Sisi wafanyakazi hatuna cha kujisifia. Tuliamini kama wengine. Mwalimu Kim alimnunia wiki mbili, kisha akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, kama ulimpenda Olow ungesema tu. Mimi nimevaa lile shati hadi limenitoa vipele!"

"Sahihisha vitabu, Kim," alisema.

Mambo hulegea. Mwaka juzi mvua ilinyesha vizuri, watu wakawa na roho kubwa, na boza likaanza kubadilisha zamu. Mwaka jana watahiniwa wetu walifanya vizuri katika mtihani kuliko wa shule zote za jirani, na Mzee Noordin alikuja mwenyewe kumpa mkono, mikono miwili. Siyad ameanza kampeni mapema na salamu zake ni ndefu. Habibo amekataa kulipwa kwa mandazi ya sherehe hii. Kamati ya chakula ilijaribu kumlazimisha, ikafukuzwa.

Wapo watakaouliza kwa nini mambo ya kura yameandikwa katika kijitabu cha kumuaga mwalimu. Tumeyaandika kwa sababu madarasa yana vibao vyenye tarehe na majina ya wafadhili, na ile Alhamisi haina kibao. Mtoto wa pili wa Habibo, yule aliyekuwa anakaa kwenye ngazi, sasa yuko darasa la tano. Anasomea katika chumba kile kile cha kura, shule ile ile, kijiji kile kile. Ana mwandiko mbaya sana, na Mwalimu Kanana amemwambia hivyo mara nyingi.

Mwalimu Kanana, tunakushukuru kwa watoto uliowafuata kisimani, kwa miaka ambayo ungeweza kuondoka na hukuondoka, na kwa yale uliyoyajua ukayanyamazia. Tunakuombea barabara kavu hadi Meru, migomba iliyozaa, magoti yasiyouma, na majirani wasiouliza sana. Uishi uone wajukuu wa wanafunzi wako. Ukituma salamu, tutazisoma kwenye mkutano wa asubuhi, na safari hii tutasimama wima.

Wiki iliyopita, tukifungasha makaratasi ya ofisi, tuliipata nakala ya daftari la wapigakura wa Garasyare la mwaka 2022, ile ambayo ilibandikwa hadharani ofisini kwa chifu miezi miwili kabla ya uchaguzi. Ina majina mia tatu arobaini na moja. Jina la Kanana Kirimi halimo. Aliandikishwa Nkubu, kaunti ya Meru, alipokuwa likizoni mwaka 2012, na kwa kuwa kila siku ya uchaguzi ilimkuta kazini hapa, hajapiga kura mahali popote tangu mwaka 1997.